Padre William Percival Johnson na mwanzo wa usomaji katika mwambao wa Ziwa Nyasa

Kila mwaka, kati ya tarehe 18 na 25 Januari, Kanisa huadhimisha Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo. Karibu na siku hizo huangukia Dominika ya Neno la Mungu, aliyoiweka Baba Mtakatifu Fransisko kwa barua yake Aperuit illis ya tarehe 30 Septemba 2019. Kwa sisi wa mwambao wa Nyasa, kutoka Chiwindi hadi Lituhi, maadhimisho haya mawili yanatukumbusha kaburi moja lililoko Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay. Aliyelala humo si Mkatoliki. Ni padre wa Kanisa Anglikana aliyeishi katika ziwa hili kwa muda wa miaka 46, akiwa na jicho moja tu, nalo bovu, na ambaye pamoja na kuhubiri Injili aliwafundisha watu wa vijiji vyetu kusoma. Inafaa waamini wa Jimbo la Mbinga wamjue mtu huyu, kwa kuwa historia ya kitabu katika mwambao huu haiwezi kusimuliwa bila jina lake.

William Percival Johnson alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, na alikuwa amekwisha kushinda mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali ya India, kazi iliyokuwa na mshahara mnono na heshima kubwa kwa kijana wa Kiingereza wa wakati ule. Mwaka 1876 aliacha yote hayo akajiunga na Misioni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake UMCA. Rafiki yake wa chuoni, Chauncy Maples, aliingia misioni hiyo mwaka ule ule. Mapadre wa UMCA waliishi bila kuoa na bila mshahara wa maana, na kwa jinsi walivyoadhimisha ibada Mkatoliki angeweza kuwadhania ndugu zake.

Aliyewapokea Unguja alikuwa Askofu Edward Steere. Mtu huyu alikuwa na mtambo wa kuchapia vitabu, akitunga sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko Matakatifu katika Kiswahili cha Unguja, na aliamini kwamba Kanisa lisilokuwa na vitabu katika lugha ya waamini wake litabaki kanisa la wageni. Johnson alikaa kwake muda mfupi tu, lakini fikira hiyo hakuiacha tena. Mwaka huo huo wa 1876 alikwenda bara pamoja na askofu, wakifuatana na watumwa waliokombolewa, wakaanzisha kijiji cha Masasi.

Kutoka Masasi alisogea magharibi hadi Mwembe, mji wa Mataka, mtawala mkuu wa Wayao, ambako misafara ya pembe na watumwa ilipita kwenda Kilwa. Huko hakudumu. Mwaka 1881 ilimbidi aondoke, akashika njia ya ziwa. Mwenzake aliyemfuata, Padre Charles Janson, alifika naye hadi Chia katika ufuko wa mashariki, upande ambao leo ni wa Msumbiji, na huko akafariki dunia mwanzoni mwa mwaka 1882. Johnson alibaki peke yake.

Mwambao alioukuta ulikuwa wa watu wenye hofu. Wangoni walikuwa wakishuka kutoka milimani kuteka watu na chakula, na wafanyabiashara ya watumwa walivusha mateka kwa majahazi. Vijiji vingi vilijizungushia maboma, na watu wengine walikimbilia visiwani na kwenye miamba. Katika hali hiyo mgeni mwenye mkoba wa vitabu hakuwa na maana kubwa kwa mtu aliyekuwa hajui kama atavuna muhogo wake mwenyewe. Johnson alitambua kwamba hawezi kujenga kituo kimoja kikubwa na kuwangoja watu waje. Watu walikuwa wametawanyika kando ya maji kwa mamia ya kilomita, na barabara yao ilikuwa ziwa. Kwa hiyo alitaka meli.

Alirudi Uingereza kuomba fedha, akazipata. Meli ndogo ya mvuke ililetwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaungwa na kuteremshwa majini mwaka 1885, ikapewa jina la marehemu Charles Janson. Katika mwaka huo kisiwa cha Likoma kilifanywa makao makuu ya misioni ziwani. Lakini furaha ya meli ilikuja na hasara kubwa. Katika safari za miaka hiyo Johnson alishikwa na ugonjwa wa macho uliomwacha karibu kipofu. Jicho moja lilipotea kabisa, na la pili lilibaki na nuru hafifu. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Mtu mwingine angehesabu kwamba kazi yake ya vitabu imekwisha, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki kwao. Yeye alirudi ziwani.

Jinsi alivyofanya kazi baada ya hapo ndiyo sehemu ya maisha yake inayotuhusu zaidi. Meli ilimshusha kijijini, ikaendelea na safari yake. Alikaa hapo, akafundisha, akasikiliza kesi na vilio, akaadhimisha ibada, kisha akatembea kwa miguu hadi kijiji kinachofuata au akangoja meli imchukue. Baada ya majuma kadhaa alirudi tena pale pale. Shule zake zilikuwa vibanda vya nyasi au kivuli cha mti, na kifaa kikuu, kama ilivyokuwa desturi ya misioni nyingi za siku zile, kilikuwa karatasi kubwa yenye herufi na silabi. Mwalimu alikuwa kijana wa huko huko aliyetangulia wenzake kidogo tu. Aliyejua kusoma ukurasa mmoja alimfundisha asiyejua hata mmoja. Mkaguzi wa elimu wa leo pengine angezifunga shule hizo zote kwa siku moja. Hata hivyo zilikuwa na jambo ambalo shule nyingi nzuri hazina: mtu aliyerudi kuuliza mmesoma nini tangu nilipoondoka.

Hapa ndipo lilipojitokeza swali ambalo kila anayetaka kujenga utamaduni wa kusoma hukutana nalo. Mtoto akishajua herufi, asome nini? Karatasi ya silabi humalizika kwa miezi michache. Kama nyumbani hakuna kitu kingine cha kusoma, herufi zitamtoka kichwani kama zilivyoingia. Misioni ilikuwa na mtambo wa kuchapia huko Likoma, ambako vijana wa ziwani walifundishwa kupanga herufi za risasi na kujalidi vitabu. Mtambo huo ulitoa vitabu vya kwanza vya kusomea, sala na nyimbo katika Kinyanja cha Likoma. Lakini Johnson alikuwa na nia ya kuwapa watu kitabu kisichokwisha.

Alijipa kazi ya kutafsiri Biblia yote, Agano la Kale na Agano Jipya, katika Kinyanja. Kazi hiyo alianza mapema, akaitoa kwa vipande kadiri ilivyoiva, na Biblia nzima ikachapishwa mwaka 1912. Tufikirie maana yake kwa mtu wa macho yale, anayelala leo kijijini na kesho katika meli inayoyumba, katika ziwa ambalo wavuvi wetu wanalijua lilivyo upepo wa kusi unapovuma. Haishangazi kwamba sikio lake lilifanya kazi ambayo jicho lilishindwa. Lugha aliisikia vijijini, kwa wazee na wanawake na watoto, si katika kamusi, maana kamusi za kumsaidia zilikuwa chache na nyembamba. Tafsiri ya mtu mmoja huwa na kasoro zake, na wataalamu wa baadaye walizionyesha. Miaka 10 tu baadaye, mwaka 1922, ilitoka Biblia nyingine, Buku Lopatulika, iliyotayarishwa na misioni za upande wa magharibi wa ziwa, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi Malawi. Lakini kwa miaka mingi watu wa mwambao wa mashariki waliokuwa wa Kanisa lake walikuwa na Biblia kamili katika lugha ya ziwa.

Kwa uaminifu lazima tuseme kwamba kwetu Wakatoliki wakati huo haikuwa hivyo. Wamisionari wetu Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, wakaingia Umatengo, kisha wakashuka hadi ziwani. Walijenga shule nyingi, na elimu ya Ruvuma ni deni letu kwao. Lakini kitabu cha muumini Mkatoliki kilikuwa Katekisimu na kitabu cha sala, pamoja na masimulizi ya Historia Takatifu. Biblia nzima mkononi mwa mlei ilionekana jambo la Waprotestanti. Tena pande hizi mbili hazikupendana sikuzote. Zilishindania vijiji, na wazee wa mwambao wanajua familia zilizogawanyika kwa sababu ya shule ipi ilitangulia kufika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio uliotufungulia mlango. Hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu, Dei Verbum, ya tarehe 18 Novemba 1965, inaagiza katika namba 22 kwamba waamini wote wafikiwe kwa wepesi na Maandiko Matakatifu, na inaruhusu tafsiri zitayarishwe kwa kushirikiana na ndugu waliotengana nasi. Namba 25 inawahimiza waamini wote wayasome mara kwa mara, na kuunganisha usomaji huo na sala. Biblia Habari Njema ambayo wengi wetu tunaitumia katika jumuiya ndogo ndogo ni tunda la ushirikiano wa namna hiyo. Johnson alikuwa amekwisha kufariki kwa karibu miaka 40 Mtaguso ulipotoa agizo hilo.

Mwaka 1895 ulimletea pigo jingine. Rafiki yake Maples alikuwa amewekwa wakfu kuwa Askofu wa misioni ile, na mwezi Septemba, akiwa njiani kurudi Likoma, mashua yake ilipinduka ziwani akazama. Mwaka uliofuata Johnson alifanywa Arkidiakoni, yaani msaidizi mkuu wa askofu katika usimamizi wa eneo, na cheo hicho alibaki nacho hadi mwisho. Mwaka 1901 meli ya pili, kubwa zaidi, iliteremshwa majini ikiwa na jina la Chauncy Maples. Iliundwa iwe pia chuo kinachoelea, ili vijana wanaoandaliwa kuwa walimu wasome wakiwa safarini, na wakishuka kijijini wafundishe kile walichojifunza asubuhi ile. Sijui chuo kingine cha ualimu kilichokuwa na mazoezi ya karibu namna hiyo.

Matunda ya kazi hii tuyapime kwa watu kuliko kwa hesabu ya vitabu. Leonard Kamungu alizaliwa Chia, pale alipofia Janson. Alisoma katika shule za misioni akiwa mtoto, akawa mwalimu, mwaka 1909 akapewa upadre. Mwaka 1911 alikwenda Msoro, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, akaanzisha misioni, akafa huko mwaka 1913. Mtoto wa mwambao aliyefundishwa herufi ufukoni alikuwa amekwenda kuwafundisha watu wa nchi nyingine. Yohana Abdallah, Myao aliyesomea Kiungani huko Unguja na kuwa padre wa misioni hiyo hiyo huko Unangu, mashariki ya ziwa, alifanya jambo kubwa zaidi kwa upande wa kalamu. Aliandika historia ya watu wake kwa Kiyao, kitabu kilichochapishwa mwaka 1919. Utamaduni wa kusoma huonekana kwamba umeshika mizizi pale msomaji anapoanza kuandika mambo ambayo mwalimu wake hakuyajua.

Johnson naye aliandika. Kitabu chake juu ya ziwa na watu wake kilitoka mwaka 1922, na kumbukumbu za miaka yake ya kwanza zilitoka mwaka 1924. Chuo chake cha zamani, Oxford, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari wa teolojia.

Hata hivyo si kila alichopanda kilisimama. Vita Kuu ya Kwanza ilianza katika ziwa letu pale pale Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli za misioni zilichukuliwa kwa kazi ya vita, shule zikavurugika, na maelfu ya vijana wakabebeshwa mizigo ya majeshi. Baada ya vita mpaka wa nchi uliendelea kulikata ziwa. Likoma ilibaki upande wa Nyasaland, na mwambao wetu ukawa Tanganyika, ambako lugha ya shule na ya ofisi ilikuwa Kiswahili. Kadiri miaka ilivyopita, watoto wa mwambao walisoma kwa Kiswahili, na Biblia ya Kinyanja iliyomgharimu Johnson sehemu kubwa ya maisha yake ikabaki kwa wazee. Kwa mtazamo wa kibinadamu hiyo ni hasara. Lakini mtu aliyezoea kusoma katika lugha moja huhamia lugha nyingine bila shida kubwa, na asiyezoea hasomi hata akiwekewa kitabu cha lugha ya mama yake mezani.

Jambo hili lina uzito kwetu leo. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Kwa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoongozwa na Mwalimu Nyerere, takwimu za serikali za mwaka 1986 zilionyesha kwamba wasiojua walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Kisha idadi hiyo ikapanda tena. Waliokuwa wamejifunza walisahau, kwa sababu baada ya cheti hapakuwa na kitabu, wala gazeti, wala mtu wa kurudi na kuwauliza. Hata katika parokia zetu za ziwani leo waamini wengi wanajua kusoma, na katika nyumba nyingi Biblia ipo, imefungwa vizuri katika kitambaa isiingie vumbi. Katika jumuiya msomaji wa somo la Dominika huwa yule yule kila juma, mara nyingi mwanafunzi wa sekondari, na akienda bweni somo linamngoja katekista. Maktaba ya parokia, pale inapokuwapo, ni kabati lenye kufuli, na mwenye ufunguo amekwenda Mbinga. Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho wametuchapia vitabu vya imani kwa bei ambayo hata mvuvi wa usipa anaweza kuimudu katika msimu mzuri. Johnson angevichukua mgongoni hadi Kihagara na Ngumbo, na mwezi uliofuata angerudi kuuliza.

Miaka yake ya mwisho aliendelea kutembelea vijiji, ingawa mwili ulikuwa umechoka na nuru ya jicho imezidi kupungua. Alifariki dunia Liuli mwezi Oktoba 1928, akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa hapo hapo. Ndugu zetu Waanglikana huliheshimu kaburi lake na kumkumbuka katika sala. Maples alizikwa Nkhotakota, ng'ambo ya pili ya ziwa, na Janson alifia Chia. Kutoka Mbamba Bay, aendaye Lituhi kwa barabara ya kando ya ziwa hupita Liuli, na kutoka barabarani hadi kwa Johnson si mbali.